Mnatupa sekunde, tunataka kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua. Kila kurasa za magari zinapoleta habari ya gari dogo la michezo, lile la siti mbili lililokaa chini kana kwamba linataka kuchutama, takwimu zinazotangulia ni zile zile: nguvu za farasi, mwendo wa mwisho, na sekunde za kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa. Msomaji anayetaka kuvuka nchi nzima na gari hilo, kilomita 3,000 au 5,000 kwenda na kurudi, hapati kitu hapo. Safari ya namna hiyo haivunjiki kwa sababu gari lilichelewa sekunde mbili kufika 100. Huvunjika kwa msumari, kwa begi la tatu, kwa tuta lisilopakwa rangi, na kwa mpira wa rejeta uliozeeka kimyakimya.

Nisieleweke kwamba magari haya hayafai kwa masafa. Yanafaa. Mazda MX-5 ipo barabarani tangu 1989, na injini yake ni ya silinda nne za kawaida, isiyo na makuu. Honda S2000, iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2009, ina injini iliyobuniwa kuweza kuzunguka karibu mara 9,000 kwa dakika. Kuizungusha mara 4,000 kutwa nzima si kuitesa. Bodi ni nyepesi, kwa hiyo breki hazina kazi kubwa na tairi hazibebi tani mbili. Taabu yake ni kwamba kila kitu kimekatwa kwa ufinyu: nafasi, uzito, urefu kutoka chini. Gari kubwa humvumilia mpakiaji mzembe. Hili humwaibisha kabla ya jua kuzama.

Takwimu ya kwanza ambayo ningependa muichape kwa herufi nene ni kilo zinazoruhusiwa. Imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva. Kwa magari mengi ya siti mbili, jumla ya watu na mizigo ni kati ya kilo 150 na 250. Watu wawili wa kilo 75 kila mmoja wameshafika 150 kabla begi la kwanza halijaingia. Dumu la maji la lita 10 ni kilo 10. Boksi la spana lililojaa vizuri halipungui kilo 8. Dawa ya kubahatisha hapa ni moja tu: chukua mzani wa kupimia watu, pima kila kitu kimoja kimoja, andika, jumlisha. Wengi wakishafanya hesabu hiyo huanza kupunguza viatu.

Likizidiwa, gari halilalamiki palepale. Springi zinabonyea, shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kucheza, na kila shimo linapigwa hadi mwisho kwa kishindo unachokisikia mgongoni. Nyuma ikishuka, pua inanyanyuka: usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na taa za mbele zinawapiga machoni wanaokuja badala ya kumulika lami. Magari mengi yana kigurudumu kidogo kwenye dashibodi cha kushusha mwanga wa taa, na watu wanakaa nacho miaka bila kujua kazi yake. Baya kuliko yote hayo liko kwenye tairi. Uzito ukizidi, kuta za tairi hupinda zaidi kila mzunguko, kupinda huzaa joto, na joto ndilo linalopasua tairi katikati ya safari, saa nane mchana, lami ikiwa ya moto.

Buti nayo itajwe kwa lita. Ya MX-5 ya toleo la nne, iliyozinduliwa 2014, ni lita 130, basi. Sanduku gumu la magurudumu lisahau. Litaziba mlango wa buti na kuacha pembe zote tupu. Mabegi laini manne madogo huingia mahali ambapo sanduku moja halipiti, kwa kuwa unayasukuma kwenye mashavu ya buti na juu ya matuta ya magurudumu. Vizito vikae chini na karibu na viti, vyepesi viende mwisho. Kitu kizito kikikaa nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, kwenye kona za mvua utakisikia kinavuta mkia wa gari kwa nje. Wapo wanaofunga kichanja juu ya kifuniko cha buti. Kinasaidia kwa nguo na matandiko, lakini mtengenezaji wa kichanja hutaja kikomo cha kilo, na kikomo hicho hakikuhesabu mitikisiko ya barabara mbovu. Mkanda wa kukifunga ukipita juu ya rangi bila kitambaa chini yake, vumbi litaikwangua rangi hiyo hadi bati.

Na kuna buti zinazopika. Gari lenye injini katikati, kama Toyota MR2 au Porsche Boxster, lina sehemu ya mizigo iliyopakana na injini na bomba la moshi. Dawa za hospitali, betri za kamera, kompyuta, mishumaa, chochote kinachochukia joto kiwekwe mbele au miguuni kwa abiria. Kwenye Boxster za miaka mingi, mahali pa kuongezea oili na maji ya injini pamo humo humo kwenye buti ya nyuma, kwa hiyo begi linalowekwa pale liwe lile linalotoka kwa mkono mmoja. MX-5 za matoleo mawili ya kwanza zina betri ndani ya buti. Hakikisha vichwa vyake vina vifuniko na kwamba spana ya chuma haiwezi kuteleza na kulalia vichwa vyote viwili, maana moto huanza hivyo. Betri yake pia ina mrija mdogo wa kupeleka hewa nje. Fundi anayeweka betri ya kawaida bila mrija huo anaijaza buti hewa ya tindikali.

Sasa tairi, na hapa nitachelewa kidogo.

Magari mengi mapya ya aina hii hayana tairi la akiba. Yana chupa ya dawa ya kuziba na kompresa ndogo ya umeme wa volti 12, na baadhi yake hayana hata jeki. Jambo hilo huandikwa kwa maandishi madogo mwishoni mwa maelezo, wakati kwa msafiri ndilo linaloamua atalala wapi. Dawa ile huziba tundu dogo lililo kwenye kashata tu, yaani sehemu ya tairi inayogusa barabara, tundu la msumari. Haizibi ukuta uliochanika, wala tairi lililoondoka kwenye rimu. Ina tarehe ya mwisho ya matumizi, na chupa iliyokaa miaka sita kwenye buti huwa imeganda kama uji wa jana. Ukiitumia, endesha polepole kilomita tano hadi kumi ili isambae, simama, pima upepo tena, kisha usipite kilomita 80 kwa saa hadi kwa fundi. Mwambie fundi mapema kwamba kuna dawa ndani, la sivyo itamrukia, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Kwa sababu hiyo, dereva anayejua mambo hubeba vifaa vya kuzibia kwa kamba za mpira, na huiacha ile dawa iwe ya mwisho. Usichomoe msumari kabla kila kitu hakijawa tayari mkononi, maana ukiuchomoa upepo unaisha na tairi laini halizibiki kwa urahisi. Kama tairi ni la mbele, kata usukani hadi mwisho. Kashata itajitokeza nje na hutahitaji jeki. Kama ni la nyuma, sogeza gari kidogo kidogo hadi msumari uwe mahali unapoweza kuufikia. Angalia umeingia kwa mwelekeo gani, uchomoe kwa koleo, pitisha tupa ya kuzungusha kwa mwelekeo ule ule mara kumi au zaidi hadi ipite kwa ulaini. Paka gundi kamba iliyo kwenye sindano, isukume ndani hadi vibaki vipande vya sentimita moja hivi nje, kisha ivute sindano kwa mkupuo mmoja bila kuizungusha. Jaza upepo, pitisha maji ya sabuni, tazama mapovu. Kisha kata kinachozidi. Zibo la namna hii ni la kukufikisha. Kiraka kinachodumu hubandikwa kwa ndani.

Kama gari lina kitairi chembamba cha akiba, kuna tahadhari ambayo haisemwi vya kutosha. Magari mengi ya michezo huendeshwa na magurudumu ya nyuma, na difu yake, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, ni ya aina inayozuia tairi moja lisizunguke peke yake. Ukiweka nyuma kitairi chenye kimo tofauti, pande mbili zitazunguka kwa kasi isiyolingana wakati wote na difu hiyo itajisaga. Pancha ikiwa ya nyuma, hamishia nyuma tairi zima la mbele, na kitairi chembamba kikae mbele. Hilo linawezekana tu kama tairi za mbele na nyuma ni za saizi moja. S2000 za mwanzo zilikuwa na 205/55 R16 mbele na 225/50 R16 nyuma (upana kwa milimita, ukuta kwa asilimia ya upana huo, rimu kwa inchi), kwa hiyo hesabu hiyo uifanye nyumbani, siyo ukiwa umechuchumaa pembeni ya malori.

Kabla ya safari soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye ukuta wa tairi. 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Magari haya mengi hukaa gereji yakitembea kilomita chache kwa mwaka, hivyo hukutwa na kashata nene na mpira uliokauka. Tairi la miaka tisa lenye kashata mpya huwadanganya wengi. Likishapita miaka sita likaguliwe kwa makini, likifika kumi liondolewe hata kama linang'aa. Kisha ingiza kiganja upande wa ndani. Gari lililoshushwa au lililopigwa alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) ya kukimbilia kona lina tairi zinazoinamia ndani, na kwenye barabara ndefu iliyonyooka ukingo wa ndani ndio unaoliwa. Nje unaona tairi zima, ndani nyaya zimeshaanza kuchungulia. Alaimenti ifanywe mtu akiwa amekaa kwenye kiti au uzito sawa na wake umewekwa, maana gari jepesi hubadilika sana kwa kilo 80.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya kutembea, kwa kipimo chako mwenyewe. Kila joto linapopanda digrii tano au sita, upepo hupanda kwa takribani PSI moja, kipimo cha presha ya tairi, na tairi lililokimbia saa zima huwa limeongeza nne hadi sita. Anayeutoa upepo huo kituoni kwa kuona umezidi, kesho asubuhi ana tairi laini. Na nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa namba ya kwenye kitabu. Kwa magari mengi ya ukubwa huu huwa kati ya 90 na 130 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Rimu za alumini zikifunguliwa, nati zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Nati moja ya kila gurudumu ikiwa ni ya kuzuia wizi, hakikisha ufunguo wake umo garini. Ufunguo huo una tabia ya kubaki kwenye droo ya gereji iliyobadilisha tairi mwaka juzi.

Ukubwa wa rimu nao una maana yake kwa safari. Tairi la 205/45 R17 lina ukuta wa milimita 92. Lile la 185/60 R14, lililokuwa kwenye MX-5 za kwanza, lina milimita 111. Hesabu ni rahisi, asilimia 45 ya 205, asilimia 60 ya 185. Milimita 19 hizo ndizo zinazoamua kama shimo litabonyeza mpira au litakunja chuma. Kama gari linakubali rimu ndogo zinazopita juu ya breki zake, safari ndefu ndiyo mahali pake, na zile za inchi 17 zibaki nyumbani zikipendeza.

Urefu kutoka chini hutajwa gari likiwa tupu. Milimita 130 za kwenye karatasi, mkiingia wawili na mizigo, zinaweza kupungua 20 au 30. Kwenye tuta refu, ingia kwa pembe ili gurudumu moja lipande kwanza, na usishike breki ukiwa juu yake, kwa sababu breki huinamisha pua. Achia kabla ya kufika, pita ukiwa umeachia. Ukisikia sahani ya plastiki ya chini ya injini inaburuta baadaye, simama uifunge kwa nyaya za plastiki. Ikining'inia itakamatwa na upepo wa mwendo na kung'oka pamoja na vishikizo vyake, na kwenye baadhi ya magari ndiyo inayoelekeza hewa kwenda kwenye rejeta.

Mafuta. Tenki nyingi hapa ni lita 45 hadi 50. Kwa ulaji wa lita 7 kwa kilomita 100, lita 45 zinakupa kilomita 640 za karatasini. Panga 400. Upepo wa mbele, milima na foleni vinakula zilizobaki, na haraka inakula kuliko vyote: ukitoka 100 kwenda 130 kwa saa, ukinzani wa hewa unapanda kwa asilimia 69, kwa kuwa unafuata mraba wa mwendo. Paa likiwa wazi, ongeza juu yake. Kubeba dumu la petroli ndani ya gari la siti mbili ni wazo baya, maana hakuna buti iliyotengwa kikweli na pua zenu, na mvuke wa petroli hauhitaji mwaliko. Kama injini inataka oktani 95 na kituo kina chini ya hapo, jaza kidogo tu ya kukufikisha mbele. Injini yenye sensa ya kusikia kugonga, yaani petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda, itajirekebisha na kupoteza nguvu. Ya kabureta haina msaada huo: ukisikia inagonga kama kokoto kwenye kopo, shusha gia, punguza kukanyaga, usiilazimishe kupanda mlima kwa mizunguko midogo. Milimani pia ukumbuke kwamba injini isiyo na tabo, ile feni ya kuisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Nafasi ya kulipita lori iliyotosha bondeni haitoshi huko juu.

Oili ikaguliwe kila unapojaza mafuta mara ya pili, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika tano. Injini za mizunguko mingi hunywa oili zikikimbizwa, na kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti kuna kama lita moja tu. Mazda RX-7 na RX-8, zenye injini ya rota, huingiza oili kidogo kwenye chumba cha kuunguza kwa makusudi ili kulainisha kingo za rota. Oili kupungua humo si ugonjwa, kutoiongeza ndio ugonjwa. Beba lita mbili za aina ile ile iliyomo, maana kituo cha katikati ya safari hakina wajibu wa kuwa nayo.

Kuhusu joto, usiiamini sana sindano ya dashibodi. Katika magari mengi imepangwa itulie katikati hata maji yakipanda digrii kadhaa, isimsumbue mwenye gari; inapoanza kunyanyuka, mambo yameshaharibika. Kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta chini ya usukani hukuonyesha digrii zenyewe. Jua namba ya kawaida ya gari lako wakati ni zima, ndipo utakapoitambua isiyo ya kawaida. Matangi ya plastiki ya pembeni mwa rejeta ya zamani hubadilika rangi, kutoka nyeusi kwenda kahawia, kabla hayajapasuka kwenye mshono. Ukiiona rangi hiyo, badilisha rejeta sasa, pamoja na mipira yake yote na kifuniko. Kifuniko ni kitu kidogo kinachodharauliwa, lakini presha ya bar moja kinayoishikilia ndiyo inayopandisha kiwango cha kuchemka kwa digrii 20 hivi. Springi yake ikilegea, maji yanachemka huku kila kitu kingine kikiwa kizima. Gari la injini ya katikati lina rejeta mbele na mabomba marefu ya kwenda nyuma. Likiongezwa maji bila kutolewa hewa yote kwa utaratibu wa kitabu, povu hukaa kwenye bomba na injini huungua huku chupa ya maji ikionekana imejaa.

Joto likipanda barabarani, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na feni yake yote. Itawachoma miguu, lakini hita ni rejeta ya pili. Ikiendelea kupanda, simama na uzime. Kifuniko kisiguswe kwa nusu saa angalau.

Breki sina mengi. Oili ya breki hufyonza unyevu wa hewa: DOT 4, daraja mojawapo la oili hiyo, ikiwa mpya haichemki chini ya digrii 230, ikishanyonya maji kiwango cha chini ni 155. Ibadilishwe kila miaka miwili, na kwenye mteremko mrefu gia ya tatu ifanye kazi, mguu upumzike. Pedi za mashindano ziondolewe. Zikiwa baridi hazishiki, na asubuhi saa kumi na mbili zote ni baridi. Klachi za MX-5 za zamani zina pampu ndogo ya chini inayojulikana kwa kuvujisha. Dalili ni pedali kuzama na gia kukataa kuingia. Iko nje ya gia boksi kwa boliti mbili tu, haizidi ukubwa wa ngumi, na inafaa kubebwa nzima kama akiba, pamoja na chupa ndogo ya oili yake, fyuzi za ampea 10, 15 na 20, mkanda wa feni, klipu za mipira, koili moja na plagi moja.

Paa la turubai lisikunjwe likiwa limelowa, litaota ukungu. Dirisha la plastiki lisikunjwe asubuhi ya baridi, litapasuka kwenye mkunjo. Mifereji ya kutoa maji iliyo kwenye pembe za paa izibuliwe kwa waya laini wa plastiki kabla ya safari. Ikiziba, maji hushuka kwenye kapeti, na katika Boxster za mwanzo kuna kidude cha umeme cha alamu chini ya kiti kinachokufa kwa maji hayo. Jua la kutwa paa likiwa wazi halisikiki kwa sababu ya upepo. Kofia isiyopeperuka, mikono mirefu, maji ya kunywa kila saa. Na kelele: ile ngurumo ya upepo na ya injini kwa mizunguko 3,500 au 4,000, ambayo ndiyo mizunguko ya gari la gia fupi kwenye kilomita 110 hadi 120 kwa saa, humchosha dereva zaidi ya usukani wenyewe. Funga paa kwenye barabara kuu, lifungue kwenye barabara ndogo. Wachache hukubali hili siku ya kwanza. Siku ya tatu wote hulifunga bila kuambiwa. Vizibo vya masikio vya sponji husaidia pale sheria inaporuhusu. Simama kila saa mbili, na utoke nje ya gari kabisa, kwani goti linaloishi limekunjwa karibu na dashibodi halipumziki kwa kusimamisha gari tu.

Dereva wa lori amekaa juu ya paa lako. Kama huoni kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Na ukimsogelea sana kwa nyuma unapotea kabisa. Kaa mbali kiasi cha kuona barabara iliyo mbele yake, shusha gia kabla ya kutoka, siyo ukiwa umeshatoka. Washa taa mchana. Jua likianza kuzama tafuta pa kulala, maana taa za magari marefu zinakuja usawa wa macho yako, na shimo lililo mbele ya gari lililokaa chini halionekani hadi liwe chini yake.

Kazi zote za gereji ziishe wiki mbili kabla. Kosa la kawaida ni gari kutoka kwa fundi Ijumaa na kuanza safari Jumamosi. Klipu isiyokazwa, mshipi uliowekwa upande, kifuniko cha oili kilichosahauliwa, vyote hujitokeza ndani ya kilomita 300 za mwanzo, na ni vyema kilomita hizo ziwe za karibu na nyumbani, gari likiwa limebebeshwa mizigo ile ile ya safari. Baada yake liinue, kagua chini kwa tochi, kaza, pima oili na maji upya.

Kama njia yote inapita kilomita 5,000, na oili iliyomo ilishatembea nusu ya muda wake, zamu ya kuibadilisha itaangukia barabarani. Oili utaipata popote kwa kutafuta, kichujio cha gari lisilo la kawaida hutakipata. Kiweke kwenye begi la nguo pamoja na washa mpya (pete ya kuzibia) ya boliti ya kumwagia, na uandike ndani ya kifuniko cha kitabu lita ngapi zinaingia.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi na dereva